Umeacha mazoezi kwa miezi na nusu marathoni ya Kilimanjaro inakaribia: anzia hapa

Kila mwaka ikifika Novemba maswali huanza kuja, na ni yale yale. Mwaka jana nilikimbia vizuri, nikaacha tangu Mei, je, nitaiweza Moshi mwezi wa pili? Nianze na kilomita ngapi? Mbona pumzi ninayo lakini miguu inagoma? Mwongozo huu unajibu maswali hayo hatua kwa hatua, kwa ajili ya nusu marathoni ya Kilimanjaro Marathon, kilomita 21.1, inayokimbiwa Moshi mwishoni mwa Februari. Kama unajiandaa kwa mbio nyingine, hatua ni hizo hizo. Utakachobadilisha ni sehemu ya mlima.

Nakuandikia wewe uliyewahi kukimbia kilomita 10 au zaidi bila kusimama, kisha ukaacha kwa miezi kadhaa kwa sababu ya kazi, ugonjwa, mtoto, au kwa sababu hamu iliisha. Kama hujawahi kukimbia kabisa, jipe miezi 6, usijipe 3.

Kuna jambo moja nataka ulishike kabla ya yote: pumzi hurudi kabla ya miguu. Ukikaa wiki mbili tatu bila kukimbia, ujazo wa damu hupungua na mwili hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kutumia oksijeni. Ndiyo maana siku ya kwanza unahema baada ya dakika tano tu. Lakini hayo hurudi haraka, ndani ya wiki chache. Kano, mifupa na viungio havina haraka hiyo, vinataka miezi. Kwa hiyo kati ya wiki ya 3 na ya 5 utajisikia mwepesi, mzima, tayari kwa lolote, na hapo hapo ndipo watu wengi huumia. Mpango wote ulio hapa chini umepangwa ili uvuke wiki hizo salama.

Unachohitaji kabla ya kuanza

*Wiki 12.* Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya mbio. Kwa Moshi, wiki ya 1 inaangukia mwanzoni mwa Desemba. Ukiwa na wiki 14 ni bora zaidi. Ukiwa na chini ya 8, nenda moja kwa moja kwenye swali la mwisho la mwongozo huu.

*Kibali cha mwili.* Kama umevuka miaka 40, una presha au kisukari, umeongezeka uzito sana tangu uache, au kuna mtu wa familia aliyefariki ghafla kwa moyo, kapime kwanza. Pima presha, sukari na wingi wa damu. Hasa akina dada: damu kidogo huonekana kama uvivu, kumbe ni upungufu wa madini ya chuma, na hakuna mazoezi yatakayoitibu. Aliyejifungua asianze kukimbia kabla ya miezi 3, na aanze baada ya kuzungumza na daktari wake. Kutembea kunatosha kwa kipindi hicho.

*Viatu vya kukimbilia.* Vile vya mwaka jana vilivyokaa uvunguni vikague kwanza. Bonyeza povu la soli kwa kidole gumba. Likiwa gumu, au lina mikunjo mingi pembeni isiyonyooka, kiatu kimekwisha hata kama juu kinang'aa. Viatu vingi vya kukimbilia huchoka kati ya kilomita 500 na 800. Mtumba si kosa, nusu ya wakimbiaji ninaowafahamu huvaa mtumba, lakini ukiwa soko la Karume kule Dar au Memorial pale Moshi kitazame kwa nyuma kikiwa juu ya meza iliyo sawa: kisigino kikiwa kimelala upande mmoja, kirudishe. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole vyako, kwa sababu mguu huvimba kwenye mbio ndefu.

*Vitu vidogo.* Soksi zisizo za pamba tupu, vazelini ya mapajani na kwapani, saa yoyote inayohesabu dakika, na daftari. Daftari nalisisitiza. Kila siku andika dakika ulizokimbia, mahali palipouma, na ulivyolala. Ukipata maumivu wiki ya 6, jibu huwa limeshaandikwa wiki ya 5.

*Njia mbili.* Moja ya tambarare, nyingine yenye mlima. Kwa wa Dar, tambarare ni kama Masaki hadi Daraja la Tanzanite. Mlima ni barabara za Chuo Kikuu pale Mlimani, au Pugu kwa wanaokaa huko. Wa Mwanza na Arusha hawana shida ya kutafuta mlima.

Hatua ya 1: Pima ulipo leo, si ulipokuwa

Muda wako wa zamani usahau kwa sasa. Usiutumie kupanga chochote. Siku ya kwanza nenda tambarare, tembea haraka dakika 10, kisha kimbia polepole dakika 10, kisha tembea tena dakika 10. Kesho yake asubuhi, unaposhuka kitandani, sikiliza visigino, ugoko na magoti.

Kama hakuna kinachouma zaidi ya uchovu wa misuli, anza wiki ya 1. Kama kisigino kimekakamaa au ugoko unauma ukiubonyeza, fanya wiki nzima ya kutembea tu, dakika 40 kwa siku, halafu jaribu tena. Wiki hiyo haipotei, mwili unajengwa ukitembea.

Aliyeacha chini ya mwezi mmoja anaweza kuruka wiki mbili za mwanzo. Aliyeacha miezi 3 na kuendelea asiruke hata siku.

Hatua ya 2: Wiki ya 1 na ya 2, kimbia na kutembea

Siku 3 kwa wiki, na kati ya siku na siku pumzika. Kimbia dakika 3, tembea dakika 2, rudia mara 6. Jumla dakika 30. Wiki ya 2 fanya dakika 4 kwa 1.

Kasi iwe ya kuongea. Kama huwezi kutamka sentensi nzima bila kukata pumzi, unakwenda mbio mno. Wale tuliopita shuleni kwenye mchakamchaka tunakijua kipimo: ukishindwa kuitikia wimbo, umezidisha. Na usione aibu ya kwenda polepole. Wakimbiaji wa Iten, Kenya, wanaoshindana kwa dakika 3 kwa kilomita, asubuhi zao nyepesi huanza kwa kasi ambayo hata wewe ungeweza kuandamana nao.

Onyo: usirudi kwenye klabu ya joging wiki nne hizi za mwanzo. Klabu ni nzuri, nyimbo zinabeba, watu wanakungoja. Lakini kundi lina kasi yake, na mwenye aibu ya kubaki nyuma atakimbia kasi ya kundi. Rudi wiki ya 5.

Hatua ya 3: Wiki ya 3 na ya 4, shikilia breki

Hapa ndipo pumzi imerudi. Sasa kimbia bila kutembea, dakika 25 hadi 35, siku 3. Ongeza siku ya nne ya mwendo mrefu: dakika 50 hadi 60 ukichanganya kukimbia na kutembea upendavyo.

Utatamani kufanya zaidi. Utajiambia kwamba ukiongeza kilomita tano Jumapili hii utafidia miezi iliyopotea. Mazoezi hayafidiwi. Mwili unajenga kile ulichoufanyia wiki hii tu, ukiuzidishia unakwenda kukarabati badala ya kujenga. Nguvu za ziada zipeleke kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Imarisha miguu, dakika 15, mara 2 kwa wiki

Fanya hivi tangu wiki ya 1 hadi ya 10. Hakihitajiki kifaa, unahitaji ngazi na ukuta.

Simama kwenye ukingo wa ngazi kwa vidole, visigino vikiwa hewani. Panda juu kwa miguu miwili, shuka taratibu kwa mguu mmoja ukihesabu hadi tatu. Mara 12 kila mguu, raundi 3. Zoezi hili ndilo linaloandaa shavu la mguu na kano ya kisigino, na kama utaamua kufanya moja tu kati ya yote haya, fanya hili.

Kisha chuchumaa na kusimama mara 15, raundi 3. Kisha shuka ngazi moja kwa mguu mmoja, polepole kabisa, goti likitazama mbele bila kuingia ndani, mara 10 kila mguu. Hili la kushuka ngazi lina sababu yake, nitaieleza kwenye hatua ya 6. Malizia kwa kulala chali, magoti yamekunjwa, unainua nyonga na kuzishikilia kwa sekunde 5, mara 15.

Kunyoosha viungo fanya baada ya kukimbia, mwili ukiwa na joto. Kabla ya kukimbia, kutembea haraka dakika 5 na kuzungusha nyonga kunatosha.

Hatua ya 5: Wiki ya 5 hadi ya 11, jenga mbio ndefu

Sasa una siku 4: mbili nyepesi za dakika 35 hadi 45, moja ya mlima (hatua ya 6), na moja ndefu, kwa wengi Jumamosi au Jumapili. Mbio ndefu ziende hivi:

Wiki ya 5, kilomita 9.
Wiki ya 6, kilomita 11.
Wiki ya 7, kilomita 13.
Wiki ya 8, kilomita 10. Hii ni wiki ya kupumua, usiibadilishe.
Wiki ya 9, kilomita 15.
Wiki ya 10, kilomita 17 au 18.
Wiki ya 11, kilomita 12.

Hakuna haja ya kukimbia kilomita 21 kabla ya siku yenyewe. Aliyefika 17 bila maumivu atamaliza. Aliyelazimisha 21 wiki ya 10 mara nyingi hufika Moshi akichechemea.

Desemba na Januari za Dar, Tanga na Mombasa ni joto kali na unyevu mzito. Toka saa 11 na nusu alfajiri, umalize kabla jua halijapanda. Kukiwa bado giza kimbia na mwenzako, vaa kitu kinachong'aa, na pita upande wa kulia wa barabara ili magari na bodaboda zikujie usoni. Mbio za zaidi ya saa moja zinahitaji maji njiani: beba chupa, au pitia njia yenye maduka ukiwa na shilingi mfukoni. Kunywa kiu inapokuja. Kujijaza maji lita kadhaa kwa woga ni hatari, kwa sababu chumvi ya damu huzimuliwa, na mtu anaweza kuanguka kwa hilo kama anavyoanguka kwa kiu. Baada ya mbio ndefu dafu moja na chakula chenye chumvi vinafaa kabisa.

Onyo lingine, na hili naliona kila siku pale ufukwe wa Coco, Dar: watu wanaovaa makoti mazito au kujifunga nailoni tumboni ili watoe jasho. Jasho si mafuta. Kilo moja unayopoteza hivyo ni maji, itarudi ukinywa, na katikati umeupikia moyo wako joto lisilo na kazi. Vaa fulana nyepesi.

Mwenye kwenda nyumbani Kilimanjaro Krismasi asilaani sikukuu. Ukiwa Kibosho, Marangu au Machame una mlima mlangoni. Kimbia asubuhi kabla ya shughuli kuanza, dakika 40 tu, ukitembea pale panapozidi. Ukirudi Dar Januari utakuwa mbele ya wenzako waliobaki tambarare.

Hatua ya 6: Mlima, na hasa mteremko wake

Njia ya nusu marathoni inaondoka uwanja wa Ushirika, inapanda kuelekea Mweka, inageuka, na kurudi chini hadi uwanjani. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya kwanza yote ni kupanda na karibu nusu ya pili yote ni kushuka. Njia iko kati ya takriban mita 830 na 1,150 juu ya usawa wa bahari. Urefu huo usikutishe, hewa inatosha. Kinachowashinda watu ni mwinuko, na baada ya mwinuko, mteremko.

Mteremko ndio unaodharauliwa. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki kila hatua, inavutwa huku imekaza, na kazi hiyo ndiyo inayoichana kuliko kupanda. Mtu aliyefanya mazoezi yote tambarare hufika kilomita ya 11 akishangilia kwamba sasa anashuka, na kufikia kilomita ya 16 mapaja yanatetemeka. Habari njema ni kwamba misuli hujifunza haraka: vipindi vichache tu vya kushuka vinaikinga kwa wiki kadhaa.

Kwa hiyo, mara moja kwa wiki kuanzia wiki ya 5:

Tafuta mlima wa kukimbia dakika 2 hadi 3. Pasha mwili moto dakika 10. Panda kwa hatua fupi, kifua mbele kidogo, macho mita 10 mbele, kwa juhudi ambayo bado unaweza kutamka maneno matatu manne. Juu, tembea nusu dakika. Shuka ukikimbia kwa hatua fupi na za haraka, mguu ukitua chini ya mwili wako, si mbele yako. Usijivute nyuma kwa kisigino. Wiki ya 5 rudia mara 4, na kila wiki ongeza moja hadi ufike 8. Wiki ya 8 rudi kwenye 4, na wiki ya 11 pia.

Mara ya kwanza mapaja yatauma siku mbili. Ni kawaida. Usipange mbio ndefu kesho yake.

Hatua ya 7: Kula na kulala

Hapa nitakwenda haraka, kwa sababu chakula chetu kinatosha. Ugali, wali, ndizi, viazi, maharage, dagaa, mboga za majani: hivyo ndivyo vinavyolisha wakimbiaji wa ukanda huu. Kosa kubwa ni kuanza kupunguza uzito kwa kukata wanga wakati huo huo unaongeza kilomita. Chagua moja.

Kabla ya mbio ndefu kula kitu kidogo unachokifahamu: ndizi mbivu mbili, mkate na chai, au uji mwepesi. Jaribu kwenye mazoezi, kwa sababu ndicho utakachokula asubuhi ya mbio. Usingizi wa saa 7 au 8 una thamani kuliko kiatu cha laki tatu.

Hatua ya 8: Wiki mbili za mwisho

Punguza. Wiki ya 11 fanya kama theluthi mbili ya ulichozoea, wiki ya 12 theluthi moja. Siku za kukimbia ziwe zile zile, dakika ndizo zinazopungua. Utajisikia mzito na mwenye wasiwasi, utahisi maumivu mapya yasiyo na jina. Acha hivyo hivyo.

Chukua namba yako mapema. Utaratibu wa asubuhi ya mbio hauna nafasi ya mtu anayetafuta namba. Kitanda cha Moshi kitafute Desemba, kwa sababu mji hujaa. Anayetoka Dar kwa basi afike Ijumaa kama anaweza. Ni safari ya kutwa kutoka Mbezi, miguu inavimba kitini. Basi likisimama Korogwe shuka utembee, usibaki umekaa na simu.

Jumamosi, siku moja kabla ya mbio, tembea kidogo, kula mapema, chakula cha kawaida. Huu si usiku wa kujaribu kitimoto cha mahali usipopajua, wala mbege. Weka nje kila kitu utakachovaa: viatu vilivyokwisha zoea mguu, soksi zile zile za mazoezi, namba imeshabanwa kifuani.

Hatua ya 9: Siku ya mbio

Kilomita 10 za kwanza kimbia kwa kujizuia. Kubali kwenda polepole kwa dakika nzima kwa kilomita kuliko kasi yako ya tambarare. Panapokuwa pakali tembea kwa hatua za haraka, dakika moja moja, kabla hujachoka na si baada ya kuchoka. Watakaokupita pale chini utakutana nao wengi juu.

Uvumilivu huu si wa wanyonge. Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni kwenye Mashindano ya Dunia ya Tokyo Septemba 2025, alibaki na kundi, akangoja, na akampita Mjerumani Amanal Petros mita za mwisho kabisa. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Kama yeye aliweza kungoja kilomita 42, wewe unaweza kungoja 10.

Kunywa kidogo kila kituo cha maji, ukitembea ili usipaliwe. Ukigeuka Mweka, kilomita mbili za kwanza za kushuka ziendee taratibu kuliko mwili unavyotaka. Kuanzia kilomita ya 15, kama mapaja yametulia, achia. Ukimaliza usikae chini mara moja. Tembea dakika 10, kunywa, kula, vaa kitu kikavu.

Simama mara moja na uende kwa wahudumu wa afya ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu kisichoisha, au ukiacha kutoa jasho huku mwili unawaka. Baadaye siku hiyo, mkojo ukitoka mweusi kama chai ya rangi, nenda hospitali usiku huo huo. Ni dalili kwamba misuli imevunjika na figo zinaelemewa.

Ukikwama

*Ugoko unauma.* Kama maumivu yameenea kwenye mstari mrefu na yanapungua ukishapata joto, punguza kilomita kwa nusu wiki moja, hamia njia ya vumbi, endelea na zoezi la ngazi. Kama yako sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa ncha ya kidole, yanauma usiku, au yanachoma ukiruka kwa mguu mmoja, acha kukimbia kabisa na ukamwone daktari, kwa sababu huenda mfupa umeanza ufa.

*Kisigino kinakakamaa asubuhi.* Kikilegea ndani ya dakika chache za kutembea, endelea na mbio nyepesi, acha mlima kwa wiki moja au mbili, na fanya zoezi la ngazi kila siku ya pili. Kikiendelea kuuma hadi katikati ya mbio, pumzika.

*Nimeze dawa ya maumivu kabla ya kukimbia?* Hapana. Diklofenaki na ibuprofeni zikichanganyika na joto na upungufu wa maji huziumiza figo, na pia zinakunyang'anya taarifa ambayo mguu unajaribu kukupa. Maumivu yanayohitaji dawa ndiyo yanayohitaji mapumziko.

*Kichomi.* Punguza kasi, bonyeza mahali panapochoma, toa pumzi ndefu mara kadhaa. Kikirudi kila mara, ongeza muda kati ya chakula na mbio.

*Nimekosa wiki moja.* Endelea na wiki uliyotakiwa kuwapo, kwa nusu ya mbio ndefu. Ukikosa wiki mbili, rudi nyuma wiki mbili kwenye mpango na uziondoe kwenye kilele: mbio ndefu zako zitaishia 15. Bado utamaliza. Usirundike mazoezi ya siku tatu ndani ya moja.

*Nimeugua malaria.* Maliza dozi, homa iishe, hamu ya kula irudi, kisha subiri wiki nzima. Rudi kwa kutembea, halafu mpango wa wiki ya 2 kwa siku tatu nne. Ikiwa imekupata ndani ya wiki tatu za mwisho, hamia mbio za kilomita 5. Mafua ya pua peke yake hayazuii mbio nyepesi; homa au kikohozi cha kifuani vinazuia.

*Ramadhani imeangukia katikati ya maandalizi.* Kwa miaka hii inakuja Februari au jirani yake, kwa hiyo swali ni halali. Mbio nyepesi zianze dakika 40 kabla ya futari ili ule na kunywa mara tu umalizapo. Mbio ndefu na mlima vihamishie usiku baada ya tarawehe, au alfajiri kabla ya daku kwa anayeweza kuamka. Punguza kilomita kwa theluthi. Kukimbia kilomita 21 Moshi ukiwa umefunga, kwenye jua la asubuhi lile, sikushauri mtu yeyote.

*Malengelenge na kucha nyeusi.* Kiatu kimebana au kamba zimelegea kwenye kushuka, mguu unateleza mbele. Kata kucha siku tatu kabla, tumia tundu la mwisho la kamba ili kisigino kishike.

*Zimebaki wiki tano tu.* Ukiwa na wiki 6 au 7 na umeacha kwa mwezi mmoja hivi, unaweza kuanzia wiki ya 4 na kukimbia nusu kwa mtindo wa dakika 4 kwa 1 tangu mstari wa kuanzia; angalia tu muda wa kufunga njia uliotangazwa na waandaaji. Ukiwa na wiki 5 au chini na miguu imelala tangu katikati ya mwaka, badilisha usajili uende kwenye kilomita 5 kama waandaaji bado wanaruhusu. Fanya hatua ya 2 na ya 3 kama zilivyo, kimbia hizo 5 vizuri, kisha Jumatatu inayofuata usiache: anza wiki ya 5 ya mpango huu, na uchague nusu marathoni ya Mei au Juni iliyo karibu nawe.